Tamasha la familia la kumuenzi mwandishi wa watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wazazi, walimu na wakutubi wanaotaka kutenga siku moja kwa ajili ya mwandishi ambaye vitabu vyake vimelea watoto wao, na pengine viliwalea wao wenyewe. Nimekuwa miongoni mwa waandaaji wa siku kama hizi kwa miaka kadhaa, na karibu kila swali hapa nimelijibu zaidi ya mara moja. Penye msimamo wangu nimeusema wazi.

Tamasha la mwandishi lina tofauti gani na maonyesho ya vitabu?

Maonyesho ya vitabu ni soko. Wachapishaji huleta vitabu vya waandishi wengi, wasomaji hupita meza hadi meza, na anayenunua hununua. Tamasha la mwandishi lina mtu mmoja katikati yake, na kila kinachofanyika siku hiyo, kuanzia ufundi wa mikono hadi igizo, kimechotwa kwenye vitabu vyake au maisha yake.

Linaitwa la familia kwa sababu mtu mzima haji pale kumsindikiza mtoto tu. Anakaa mkekani naye, anasikiliza, anakata karatasi, anabishana na mwanawe kuhusu mhusika gani alikuwa na haki. Mimi nina kipimo kimoja: futa jina la mwandishi kwenye bango, kisha jiulize kama siku ingeendelea vilevile. Ikiwa ndiyo, mmeandaa bonanza la watoto. Bonanza lina raha yake, lakini mtoto atarudi nyumbani bila kujua lolote jipya kuhusu vitabu.

Kwa nini tumuenzi mwandishi? Si vitabu vyenyewe vinatosha?

Watoto wengi hawajui kwamba kitabu kina mtu nyuma yake. Wanakiona kipo tu, kama mvua na mawe. Siku wanapotambua kuwa kuna mtu aliyekaa chini akaandika, akafuta, akaandika tena, jambo fulani hufunguka.

Niliwahi kubandika ukutani nakala ya ukurasa wa rasimu ya mwandishi, umejaa maneno yaliyokatwa na mengine yaliyobanwa juu ya mstari. Msichana wa kama miaka saba alisimama mbele yake wakati wenzake wamekimbilia rangi. Akalifuata neno moja lililokatwa kwa kidole, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yeye alikosea?" Nikamwambia alikosea sana. Alasiri hiyo aliandika ukurasa mzima kwenye meza ya hadithi, yeye ambaye mama yake alisema hukataa kushika kalamu kwa kuogopa kukosea.

Tena vitabu vingi vya watoto vina chanzo ambacho mtoto anakielewa mara moja. Septemba 1893 Beatrix Potter alimwandikia barua Noel Moore, mtoto mgonjwa wa aliyekuwa mwalimu wake wa nyumbani. Hakuwa na habari ya kumpa, kwa hiyo akamsimulia kisa cha sungura wadogo wanne na kukichorea picha. Baadaye wachapishaji walipomkatalia kisa hicho, alichapisha nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1901, na mwaka uliofuata kikatolewa na kampuni ya uchapishaji. Huko Sweden, mwaka 1941, binti ya Astrid Lindgren aliyekuwa kitandani na nimonia alimwomba mama yake hadithi, na jina la msichana wa hadithi hiyo akalibuni mtoto mwenyewe papo hapo. Miaka mitatu baadaye mama aliteguka mguu, akalazimika kulala, ndipo akaiandika. Kitabu kikatoka mwaka 1945. Waeleze watoto visa hivi viwili, kisha wape karatasi na uwaambie wamwandikie barua ya hadithi mtu wanayemjua ambaye ni mgonjwa. Huhitaji shughuli nyingine kwa saa nzima.

Tumchague mwandishi gani?

Kabla ya jina, hesabu vitabu. Waandaaji wengi huanza na jina kubwa, wakachapisha mabango, kisha wakagundua kwamba nakala wanazoweza kuzipata ni tatu, moja imechanika. Tafuta mwandishi ambaye vitabu vyake vinapatikana kwenu, viwe vya kununua au vya kuazima maktaba, na ambaye ana vitabu vya rika zaidi ya moja. Aliyeandika vya picha kwa wadogo na vyenye sura kwa wakubwa atawafaa zaidi, kwa kuwa familia huja na watoto wa umri tofauti.

Anayeandika na kuchora mwenyewe anawapa kazi mara mbili. Eric Carle wa Marekani, kwa mfano, alipaka rangi karatasi nyepesi, akazikata na kuzibandika ziwe picha. Mtoto wa miaka minne anaweza kujaribu hilo. Kitabu chake cha kiwavi mlafi, cha mwaka 1969, kilianza alipokuwa akitoboa karatasi kwa kitoboleo cha ofisini. Ukimwekea mtoto kitoboleo na karatasi mezani, atakuonyesha mwenyewe jinsi wazo linavyozaliwa.

Msimpuuze mwandishi ambaye dunia nzima haimjui. Barbara Kimenye amesomwa na vizazi vya wanafunzi Afrika Mashariki kwa visa vya Moses na wenzake wa shule ya bweni, na wasomaji hao sasa ni wazazi wenye watoto. Mtu mzima anapokutana tena na kitabu alichokisoma akiwa na miaka kumi na mmoja, husomi wewe tena. Anakupokonya akisome yeye.

Afadhali aliye hai au aliyefariki?

Aliye hai anaweza kuja, kuulizwa maswali na kuweka sahihi. Aliyefariki ana maisha yaliyokamilika, yenye nyumba, barua, picha na mara nyingi makumbusho, na hakuna hatari ya ndege kuchelewa. Mwaka wa kwanza ningewashauri aliyefariki. Mna mengi ya kujifunza kuhusu foleni, vipaza sauti na vyoo kabla ya kubeba jukumu la mgeni.

Tarehe ipi inafaa?

Siku ya kuzaliwa ya mwandishi ndiyo ya kawaida. Ya Roald Dahl ni 13 Septemba, ya Lindgren ni 14 Novemba, ya Hans Christian Andersen ni 2 Aprili. Hii ya mwisho ina uzito wa ziada: tangu mwaka 1967, tarehe 2 Aprili au karibu yake, huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto chini ya IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto na vijana, na kila mwaka nchi moja hutoa ujumbe na bango la siku hiyo kwa ajili ya dunia nzima. Mkikosa mwandishi wa kukubaliana, siku hiyo inatosha.

Lakini tarehe yenye hadithi hunivutia zaidi. Tarehe 4 Julai 1862 Lewis Carroll alipiga makasia mtoni karibu na Oxford pamoja na mabinti watatu wa familia ya Liddell, akawasimulia kwa mara ya kwanza kisa kilichokuja kuwa kitabu cha Alice. Oxford huadhimisha tukio hilo kila Julai, mji mzima ukishiriki. Waandaaji wanaadhimisha alasiri moja ya usimulizi, na mtoto yeyote anaielewa kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliyevaa suti kwenye picha ya zamani.

Epukeni wiki ya mitihani.

Kuna matamasha tunayoweza kuyaiga?

Mbali na Oxford, mji wa Odense nchini Denmark, alikozaliwa Andersen mwaka 1805, una tamasha lake kila Agosti, na hadithi zake huigizwa mitaani na kwenye bustani. Vimmerby, mji wa Lindgren, una bustani nzima ambapo waigizaji huishi ndani ya vitabu vyake na watoto huzunguka katikati yao. Nchini Marekani, chama cha walimu NEA kilianzisha mwaka 1998 siku ya kusoma kitaifa, wakaiweka 2 Machi, siku aliyozaliwa mwandishi wa watoto Dr. Seuss.

Msitishike na ukubwa wa mambo hayo. Familia ishirini, mikeka sita na vitabu arobaini ni tamasha kamili.

Ratiba ya siku iwe vipi?

Saa tatu zinatosha. Watoto wadogo hawana nguvu za zaidi ya hapo na wazazi pia. Wafungue kwa kusoma wote pamoja, kisha wagawanyike kwenye meza na kona, kisha wakutane tena mwishoni kwa igizo au usomaji wa pili. Katikati msiwape watu ratiba ya dakika kwa dakika. Mtoto aliyezama kwenye kitabu asiondolewe kwa sababu zamu ya kikundi chake kwenye rangi imefika.

Acheni kona moja isiyo na shughuli yoyote: mkeka, mito, kapu la vitabu, kivuli. Kila mara nimeona waandaaji wapya wakiitazama kona hiyo asubuhi wakidhani ni nafasi iliyopotea, wakitaka kuijaza meza nyingine. Ikifika saa ya pili ya tamasha ndiyo iliyojaa kuliko zote.

Nani asome, na asome vipi?

Hapa ndipo ningependa mtumie muda wenu mwingi wa maandalizi, kwa sababu usomaji wa sauti ndio moyo wa siku nzima. Mtoto akiondoka na kinyago, puto na picha ya usoni, lakini hakusikia kitabu hata kimoja kikisomwa hadi mwisho, tumemnyima kile tulichomwitia.

Msichague wasomaji kwa vyeo vyao. Mgeni rasmi anayekiona kitabu kwa mara ya kwanza jukwaani atasoma kama anayesoma hotuba, na watoto watajua ndani ya sentensi mbili. Chagueni mtu anayekipenda kitabu hicho, awe bibi, kaka wa sekondari au mlinzi wa lango, kisha mpeni nakala wiki mbili kabla aisome nyumbani kwa sauti. Aweke alama ya penseli mahali pa kunyamaza. Kunyamaza ndiko wasomaji wengi hukusahau: picha inahitaji sekunde kadhaa za kutazamwa kabla ya ukurasa kugeuzwa, na mtoto wa nyuma anahitaji zaidi.

Kitabu cha picha kishikwe pembeni, usawa wa shavu, kurasa zikiwatazama watoto muda wote. Anayesoma kwanza halafu akakigeuza kitabu ili waone anawapa maneno bila picha, kisha picha bila maneno. Watoto zaidi ya thelathini kwa kitabu kimoja ni wengi mno. Afadhali wasomaji wanne kwenye pembe nne kuliko mmoja mwenye kipaza sauti. Hadithi ndefu isomwe sura moja tu, na ikatwe pale inapokolea. Watakapokuja kuuliza kilichofuata, waonyeshe kilipo kitabu.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Ukisema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", huna haja ya kupiga makofi wala kuomba kimya. Wamekwisha kuingia.

Jambo la mwisho: msomaji akikosea neno, aendelee. Watoto wanaojifunza kusoma wanahitaji kumwona mtu mzima akijikwaa na kuendelea bila aibu.

Mavazi ya wahusika ni lazima?

Hapana. Yana furaha yake, lakini yakiwa sharti, familia isiyoweza kuyanunua au kuyashona itabaki nyumbani. Wekeni meza ya manila, nyuzi na gundi palepale, na kila mtoto ajitengenezee masikio, taji au mkia akifika. Anayekuja amevaa tayari hatakosa raha, na asiye na kitu atakuwa nacho ndani ya dakika kumi.

Tahadhari moja: mhusika mkubwa wa kuvaliwa mwili mzima, mwenye kichwa cha plastiki, huwatisha watoto wa chini ya miaka mitatu. Asiwafuate, akae mahali pamoja nao wamwendee wakitaka.

Watoto wakubwa huchoka haraka. Tuwafanyeje?

Wapeni kazi. Mwenye miaka kumi na miwili hataki kupakwa rangi usoni, ila atakubali kwa fahari kuwa msomaji wa kona ya wadogo, mpiga picha, au mhariri kwenye meza ya hadithi, akiwa na kalamu nyekundu na mamlaka. Meza ya kutafsiri pia huwanasa: chukua aya moja ya mwandishi katika lugha moja, waigeuze katika nyingine kwa vikundi viwili, kisha wasomeane. Mabishano yatakayozuka juu ya neno moja yatakushangaza.

Na kuna mikasi. Andersen alikuwa akisimulia huku anakata karatasi iliyokunjwa; hadithi ikiisha anaikunjua, na picha inatokea. Vijana hudharau jambo hili kwa dakika tano za kwanza, kisha hawabanduki.

Je, tunahitaji ruhusa ya kutumia vitabu na picha zake?

Mara nyingi ndiyo, na swali hili lije mapema, kabla ya mabango.

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, unalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza hadi 70, zikiwemo Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya. Ndiyo maana kazi za Potter, aliyefariki Desemba 1943, zilikuwa huru Uingereza kuanzia Januari 2014. Ulizeni sheria ya nchi yenu inasema miaka mingapi.

Ila uhuru wa maandishi haumalizi mambo. Picha za mhusika zinaweza kuwa alama ya biashara ya kampuni hata baada ya hakimiliki kwisha. Mchoraji ana haki yake na miaka yake. Mfasiri naye hivyohivyo: hadithi za Andersen katika Kidenmaki ni za wote, lakini tafsiri iliyotoka juzi ina mwenyewe. Yapo hata mambo ya kipekee. J. M. Barrie aliipa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ya London haki za kisa chake cha Peter Pan mwaka 1929, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inaiwezesha hospitali hiyo kuendelea kupata mrabaha huko bila kikomo.

Kusoma kitabu mbele ya umma kumo pia ndani ya haki za mwandishi. Wenye haki wengi hukubali kwa moyo mkunjufu usomaji wa bure kwa watoto, lakini wanapenda kuulizwa. Andikeni barua fupi kwa mchapishaji: jina la kitabu, kurasa mtakazosoma, tarehe, idadi ya watu, na kama kuna kiingilio. Ombeni ruhusa tofauti ikiwa mtaonyesha kurasa kwenye skrini. Na kurekodi usomaji na kuuweka mtandaoni ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo wengi hukosea wakidhani wanamtangaza mwandishi bure.

Mwaka wetu wa kwanza tulidurufu kurasa za kitabu ziwe picha za kupaka rangi, mamia ya karatasi, bila kumuuliza mtu. Mwenye haki alipogundua alituandikia kwa upole, akatueleza kwamba wana karatasi za kupaka rangi walizozitayarisha wenyewe na huzitoa bila malipo kwa anayeziomba. Tangu hapo barua hutangulia. Wachapishaji wengi wana vifaa vya namna hiyo, na ni vizuri kuliko picha yetu iliyofifia.

Tunamwalikaje mwandishi aliye hai?

Mwandikieni miezi sita kabla, kupitia mchapishaji wake kama hamumjui. Semeni wazi mtamlipa kiasi gani, nani atagharamia safari na malazi, na atatakiwa kufanya nini kwa muda gani. Mlipeni. Kumwambia mwandishi kwamba atapata "nafasi ya kujitangaza" ni kumwomba afanye kazi bure siku ya mapumziko.

Maswali ya watoto yakusanywe mapema kwenye vikaratasi, la sivyo wataulizia umri wake mara nne. Kwenye foleni ya sahihi awepo mtu wa kupita akiandika jina la kila mtoto kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi na kukichomeka ndani ya jalada. Mwandishi analinakili tu, na hakuna mtoto anayeondoka na kitabu chenye jina lililokosewa. Na asiye na kitabu apewe kadi nzuri ya kusainiwa, kwenye foleni hiyohiyo. Nimemwona mvulana akitoka kwenye foleni kimyakimya baada ya kuona kila aliye mbele yake ameshika kitabu. Kadi zile tulizianza kwa ajili yake.

Tuhakikisheje watoto wenye ulemavu wanashiriki?

Waulizeni wazazi wao kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa swali moja lililo wazi: mtoto wako anahitaji nini ili afurahie siku hii? Majibu yatawaongoza vizuri kuliko orodha yoyote.

Yale ambayo ningeyaandaa bila kuulizwa: mkalimani wa lugha ya alama akae upande wa msomaji, mahali penye mwanga, ili mtoto aone mikono na kitabu kwa pamoja. Kiti cha magurudumu kiwe na nafasi mbele, si pembeni ya mkeka. Nusu saa ya kwanza iwe tulivu, bila muziki, kwa watoto wanaoumizwa na kelele. Vitabu vya nukta nundu viagizwe mapema. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umerahisisha utengenezaji wa nakala zinazosomeka na wasioona na usafirishaji wake kati ya nchi zilizoridhia, kwa hiyo maktaba ya wasioona iliyo karibu nanyi ndiyo ya kuuliza kwanza.

Wekeni pia kitabu ambamo mtoto mwenye ulemavu ndiye shujaa. Meshack Asare wa Ghana aliandika na kuchora kisa cha Sosu, mvulana asiyeweza kutembea ambaye anaokoa kijiji chake kwa kupiga ngoma. Kisomwe jukwaani, kwa wote.

Mwandishi alisema au aliandika mambo ya kuudhi. Tufanye nini?

Swali hili halikwepeki, na ni heri kulijibu kabla ya mzazi kulileta lango­ni. Mwaka 2020 familia ya Roald Dahl iliomba radhi hadharani kwa kauli zake dhidi ya Wayahudi. Mwaka 2021 wanaosimamia kazi za Dr. Seuss walitangaza kuacha kuchapisha vitabu vyake sita kwa sababu ya picha zinazodhalilisha watu wa jamii nyingine, na NEA nayo ilishaanza kuipanua siku yake ya kusoma ihusu vitabu vya waandishi wengi.

Someni kila kitabu mtakachokiweka mezani, chote, mwaka huu, hata kama mnakikumbuka kwa mapenzi. Kitakachomfanya mtoto mmoja aliyekaa mkekani ajione amedhihakiwa kiondoeni. Na watoto wakubwa wakiuliza, waambieni ukweli kwa lugha wanayoielewa. Wanaweza kushika mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mtu aliandika kitabu wanachokipenda, na kwamba alisema jambo baya.

Tufanye mashindano ya kusoma au kuandika?

Mimi siyapendi. Atakayeshinda ni yule anayesoma vizuri tayari, na yule tuliyemlenga ataondoka akijua ameshindwa kwenye jambo lingine tena. Bandikeni hadithi zote ukutani kwa usawa wa macho ya mtoto.

Wazazi wasiojua kusoma watajisikiaje?

Inategemea mtakavyowapokea. Vipo vitabu vya picha visivyo na maneno, na mzazi akikifungua kimoja anaweza kusimulia kwa lugha yake, kila mara tofauti. Wekeni vya kutosha kwenye kila mkeka bila tangazo lolote, na msimwombe mtu yeyote asome kwa kumshtukiza.

Usalama na picha?

Mkono wa kila mtoto mdogo uwe na utepe wenye namba ya simu ya mzazi, upande wa ndani. Sehemu moja ya waliopotea ijulikane na wote. Kila anayejitolea awe na mwenzake. Mtu mzima asibaki peke yake na watoto wa wengine. Picha za watoto zipigwe kwa idhini ya mzazi, na utepe wa rangi tofauti kwa wasiotaka humwezesha mpiga picha kujua bila kuuliza.

Mvua ikinyesha?

Mikeka ihamie ndani na ratiba ipunguzwe ibaki usomaji tu. Vitabu viwe kwenye makasha yenye mifuniko tangu asubuhi, hata kama jua linawaka.

Tuuze vitabu?

Muuzaji mmoja akae karibu na njia ya kutokea, wala asipange meza kando ya wasomaji. Nyote mkiweza, kusanyeni michango mapema ili kila mtoto aondoke na kitabu kimoja, hata kilichotumika, mradi kurasa zake zimetimia. Na mkutubi aje na kadi za uanachama azijaze palepale. Familia nyingi hazijawahi kuingia maktaba kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwaambia waingie.

Tamasha likiisha, tunafanya nini?

Ombeni watoto wamwandikie mwandishi barua, siku ileile, kabla ya kuondoka. Aliye hai atazipata kupitia mchapishaji. Aliyefariki ana warithi, jumba la makumbusho au wakfu wa kutunza kazi zake, na huko kuna watu ambao kazi yao ni kufungua bahasha kama hizo. Wekeni barua zote kwenye bahasha moja kubwa pamoja na michoro, na anwani yenu ya kujibiwa. Msizisahihishe tahajia kabla ya kuzituma.